Shimo la Machi: hesabu ya mpiga picha wa harusi

Ushauri wa pesa wanaopewa watu waliojiajiri karibu wote uliandikwa kwa ajili ya walioajiriwa. Tenga asilimia kumi kila mwezi, weka akiba ya miezi mitatu, usitumie kuliko unachopata. Sasa mpiga picha wa harusi wa Dar es Salaam, ambaye Desemba hushika karibu milioni tatu na Machi asishike kitu, atatenga asilimia kumi ya nini? Ada ya shule ikimshinda tunasema hana nidhamu. Lawama hiyo naikataa. Wengi wao wanafanya kazi usiku na mchana. Wanachokosa ni hesabu ambayo hakuna aliyewaonyesha, nayo inatosha kwenye ukurasa mmoja wa daftari.

Hesabu inaanzia kwenye kalenda, na kalenda za kazi hii ni mbili. Mwezi wa Ramadhani Waislamu wengi hawafanyi harusi. Kwaresima nayo, Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana kwa kawaida hawafungi ndoa. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na Kwaresima huifuata Pasaka inakokwenda. Mwaka 2024 Jumatano ya Majivu iliangukia 14 Februari na Ramadhani ikaingia karibu mwezi mmoja baadaye. Mwaka 2025 zilianza wiki moja. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ni 18 Februari na mfungo wa Ramadhani unaanza siku hizo hizo. Idi inaangukia karibu na 20 Machi, Pasaka ni 5 Aprili. Mwenye wateja wa dini zote mbili anakuta kumbi zimefungwa kwa mkupuo. Makanisa mengi ya kipentekoste hayashiki Kwaresima, kwa hiyo anayepiga picha huko ataokota Jumamosi mbili tatu. Halafu masika yanaingia, na picha za bustanini na ufukweni zinaahirishwa.

Tuchukue mfano. Namba ni za kufanyia hesabu tu, lakini umbo lake kila aliye kwenye kazi hii atalitambua. Ni kiasi kinachobaki baada ya kumlipa msaidizi, mhariri wa video, nauli na uchapishaji wa albamu. Januari 900,000 na Februari 600,000, kwa sababu mwezi wa Shaabani watu wanawahi harusi kabla ya mfungo. Machi sifuri. Aprili 700,000, Mei 1,100,000, Juni 1,500,000, Julai 1,900,000, Agosti 2,000,000, Septemba 1,700,000, Oktoba 1,600,000, Novemba 1,900,000. Desemba, Moshi na Dar zikigombea Jumamosi zile zile, 2,900,000. Jumla ya mwaka ni 16,800,000, wastani wa 1,400,000 kwa mwezi.

Anayeujua wastani huo hushawishika kuishi kwa 1,400,000. Hebu tufuate mwezi kwa mwezi. Januari anapungukiwa 500,000. Februari 800,000 nyingine, pengo limefika 1,300,000. Baada ya Machi ni 2,700,000, baada ya Aprili 3,400,000, na mwisho wa Mei 3,700,000. Ndipo linapoanza kupungua. Yaani ili aishi kwa wastani wake mwenyewe, tarehe 1 Januari lazima awe na 3,700,000 pembeni. Asipokuwa nazo, mwezi wa pili anaanza na mikopo ya simu, na wa tatu anaishia kwa kausha damu, huku kwenye karatasi mapato ya mwaka yanamtosha kabisa.

Sasa ajilipe 1,000,000 kila mwezi, tarehe ile ile, Desemba kama Machi. Pengo la Januari ni 100,000, Februari linafika 500,000, Machi 1,500,000, Aprili 1,800,000. Mei linaanza kujaa. Amejipunguzia 400,000 kwa mwezi, na akiba anayoihitaji mwanzo wa mwaka imeshuka kutoka 3,700,000 hadi 1,800,000. Tazama tena Desemba: akishajilipa milioni yake, inabaki 1,900,000. Desemba peke yake inalifukia shimo lote. Kwa hiyo masalio ya Desemba si pesa ya sikukuu. Ni chakula cha Machi na Aprili kilichowahi kufika.

Hiki ndicho kipimo ninachotaka kila asiye na mshahara akijue: ukubwa wa akiba si miezi mitatu wala sita ya kukariri. Ni pengo kubwa kabisa unalolifikia ukijumlisha upungufu mwezi baada ya mwezi. Dereva wa watalii wa Arusha ana lake, mkalimani wa mikutano ana lake. Wawili wenye jumla sawa ya mwaka wanaweza kuhitaji akiba tofauti kabisa, kwa sababu ya mpangilio wa miezi tu.

Kiwango hicho cha 1,000,000 kinaacha 4,800,000 mwisho wa mwaka. Hapo ndipo vinapotoka vitu vikubwa: ada ya Januari, kamera inayochakaa, na kodi ya TRA, ambayo kwa anayefunga hesabu Desemba hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Awamu ya kwanza inaangukia palepale penye sifuri. Itengwe mwaka uliotangulia, kwenye akaunti nyingine. Kodi ya nyumba ni rahisi zaidi kuihamisha. Mwenye nyumba wa Dar akidai miezi sita, mwombe mkataba wa kwanza uwe wa miezi michache ili zamu zinazofuata ziangukie Agosti na Februari, na ile ya Februari ikae tayari tangu Desemba.

Advansi ndiyo inayowaangusha wengi. Kamati ya harusi inatoa 500,000 Januari kwa shughuli ya mwishoni mwa Aprili. Pesa imeingia kwenye simu, lakini bado ni ya kamati: ndani yake kuna msaidizi, mafuta na albamu. Ukiila Februari, Aprili utafanya kazi bure. Laini ya pili au Lipa Namba ya kazi inasaidia: advansi zote zikae huko, na kila kazi ihesabiwe mapato siku ilipofanyika. Na salio? Likamilike kabla ya siku ya ukumbini, maana baada ya sherehe kamati inavunjika na ahadi za michango zinavunjika nayo.

Upatu unaweza kutumika kwa ufundi huo huo. Watu kumi, 100,000 kila mwezi, kuanzia Julai hadi Aprili: omba zamu ya tisa. Inaangukia Machi, na milioni nzima inaingia mwezi usio na harusi. Wenye mshahara kwenye kundi watafurahi kukuachia, wao wanataka za mwanzo. Ila ile laki lazima itoke kwenye milioni unayojilipa, hata Februari. Vikoba, kinyume chake, vingi huvunja Desemba, wakati ambao mpiga picha tayari ana pesa. Kikundi cha watu wa kazi hii kingefanya vyema kuvunja mwishoni mwa Februari.

Shimo lenyewe linahama. Mwaka 2027 mifungo miwili bado inakwenda pamoja: Ramadhani inaanza karibu na 8 Februari, Kwaresima 10 Februari. Mwaka 2028 inaachana. Ramadhani inaingia karibu na 28 Januari na kuisha mwishoni mwa Februari, kisha Kwaresima inaanza 1 Machi hadi Pasaka ya 16 Aprili. Mwenye wateja nusu kwa nusu hatakuwa na mwezi wa sifuri. Tuseme Januari inampa 1,000,000, halafu Februari, Machi na Aprili 450,000 kila mmoja. Akijilipa milioni yake, pengo linafika 1,650,000, karibu sawa na lile la 1,800,000. Tofauti ni kwamba kila wiki mbili kutakuwa na harusi moja, simu italia, na hakuna siku itakayomshtua. Mwaka huo ndio wa kujaza daftari mapema zaidi, Novemba 2027, kabla advansi za Desemba hazijaanza kuingia.