Hati, Rehani na Mkulima wa Daudi: Uhakiki wa Nadharia ya Hernando de Soto

Tangu mwaka 2004, Serikali ilipoanzisha Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge Tanzania, yaani MKURABITA, viongozi wetu wengi wamezoea kutamka maneno "mtaji mfu" kana kwamba yametoka katika maandiko ya Chama. Hayakutoka huko. Yametoka katika kitabu cha mchumi wa Peru, Bwana Hernando de Soto, kiitwacho The Mystery of Capital, kilichochapishwa mwaka 2000. Taasisi yake ya mjini Lima ndiyo iliyofanya uchunguzi wa mwanzo wa mpango wetu, na ndiyo iliyotuambia kwamba asilimia 98 ya biashara za nchi hii zinaendeshwa nje ya mfumo wa sheria. Chama kuazima fikra si dhambi. Lakini fikra ya kuazima ikaguliwe kama fedha ya mkopo: masharti yake ni yapi, na atakayelipa ni nani?

Katika makala hii tunakusudia kukisoma kitabu hicho tukiwa tumesimama Daudi. Daudi ni kata ya Mbulu, mkoani Manyara, katika nchi ya Wairaqw, watu wanaolima na kufuga kwa pamoja. Tumeichagua kwa sababu kitabu kinajidai kuwasemea watu wa mahali kama hapo: wana ardhi, nyumba na mifugo, ila wakitaka shilingi laki chache za kuanzisha biashara hawazipati.

Kwanza tukitendee haki kitabu chenyewe. Hoja yake ni nyepesi kueleweka. Maskini wa nchi zetu si mikono mitupu. Wamejenga na kulimbikiza mali nyingi, ambayo mwandishi aliikadiria kufikia dola trilioni 9.3 duniani kote. Lakini mali hiyo haina hati, kwa hiyo haiwezi kuwekwa rehani wala kuzaa mtaji. Ipe hati, nayo itafufuka. Kuna heshima fulani katika hoja hii. Bwana de Soto hamwoni mkulima kuwa mtu wa kuhurumiwa. Anamwona kuwa mwenye mali aliyenyimwa chombo. Ni lazima tukiri kwamba sisi wenyewe hatukumwona hivyo siku zote. Mwaka 1983, katika vita dhidi ya wahujumu uchumi na katika utekelezaji wa Sheria ya Nguvu Kazi, mtu aliyebeba vitunguu viwili vitatu kwenda mnadani aliweza kuitwa mlanguzi au mzururaji. Kitabu cha namna hii kilipata masikio kwetu kwa sababu tulikuwa tumeacha pengo.

Mfano wake unaokumbukwa zaidi ni ule wa mbwa wa Bali. Anasimulia kwamba alipokuwa akipita katika mashamba ya mpunga huko Indonesia hakuona mipaka, lakini kila alipovuka kutoka shamba hadi shamba alibwekewa na mbwa mwingine. Mbwa walijua mali ni ya nani. Sheria ndiyo iliyokuwa haijui. Ni mfano mzuri, nasi tunakubali kwamba mipaka ya Daudi nayo inajulikana vema na wenyeji wake.

Hata hivyo, tumpeleke mbwa huyo kwenye zizi la Mwiraqw. Ndani mna ng'ombe sita. Wawili kati yao yawezekana si wa mwenye zizi. Ni wa ndugu au jirani aliyempa awatunze. Anayetunza hupata maziwa na samadi ya shamba, na mwenye mali hupunguza hatari ya kupoteza mifugo yote kwa ugonjwa mmoja au ukame wa mahali pamoja. Naye huyo mwenye zizi huenda ana ng'ombe wake kwa mtu mwingine ng'ambo ya bonde. Mbwa atabweka kwa ajili ya ng'ombe wote sita bila kubagua. Sasa je, mtaji huo umelala? Umekuwa ukifanya kazi miaka mingi. Umezalisha samadi, maziwa, urafiki na bima, bila afisa mikopo hata mmoja. Ni mkopo kamili, wenye dhamana na wenye faida kwa pande zote mbili. Usichoweza kufanya ni kugeuka fedha taslimu mwezi wa Desemba, wakati mbegu na mbolea zinapotakiwa.

Hapo ndipo kosa la kinadharia la kitabu lilipo. Mwandishi anaichukulia mali kuwa kitu, na hati kuwa ufunguo wa kukifungua. Sisi tumefundishwa, na hali halisi imetuthibitishia, kwamba mtaji ni uhusiano baina ya watu: kuna mwenye kutoa na mwenye kupokea, na kuna anayebeba hasara mvua isiponyesha. Hati haibadilishi mvua. Inachobadilisha ni nani atabaki na shamba mvua isiponyesha.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu zionekane. Mama mmoja wa Daudi anataka shilingi 600,000 anunue vitunguu swaumu vya wakulima wenzake wakati wa mavuno, avipeleke soko la mbali na kurudi na faida. Tuseme benki inatoza riba ya asilimia 20 kwa mwaka, naye anakopa kwa miezi sita. Benki itapata shilingi 60,000. Kwa fedha hizo imlipe afisa wa kumkagua, imlipie nauli, iandike mkataba, isajili rehani, na ikibidi imfuate mahakamani. Haiwezekani. Hata mama huyo akiwa na hati iliyopigwa mihuri kumi, benki haitamkopesha. Haimkatai kwa uhaba wa karatasi. Inamkataa kwa sababu mkopo wake ni mdogo mno kwa gharama za chombo kikubwa.

Sasa geuza mfano. Mkulima mwenye ekari ishirini anataka shilingi milioni 20 za trekta kuukuu. Hapa benki itaiangalia hati, maana mkopo unalipa gharama. Lakini hapa ndipo shamba linapowekwa mezani. Kwa hiyo hati haina kazi pale ambapo mkopo ni mdogo, na ina hatari pale ambapo mkopo ni mkubwa. Wanyonge ambao mpango ulipewa jina lao wako upande ule wa kwanza.

Mtetezi wa kitabu atajibu kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamlinda mwanakijiji, kwa kuwa hakimiliki ya kimila haihamishwi bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Ni kweli. Lakini kinga hiyo hiyo ndiyo inayoifanya benki isite, kwa vile shamba lisiloweza kuuzwa kwa mtu yeyote ni rehani dhaifu. Huu ni ukinzani ulio ndani ya nadharia yenyewe. Ukitaka hati iamshe mtaji wote, huna budi kuondoa kinga. Ukibakiza kinga, hati inabaki kuwa ulinzi wa ardhi, ambao ni jambo jema kabisa. Yaeda Chini, wilaya hiyo hiyo ya Mbulu, Wahadzabe walipata hati za kimila za pamoja mwaka 2011. Hawakuzitafuta ili wakope, bali wazuie nchi yao isimegwe. Sisi tunaona matumizi hayo ya hati ni sahihi kuliko yale ya kitabu.

Wanaodhani kwamba hofu ya kupoteza ardhi ni porojo za wanasiasa, watazame jirani tu, Hanang. Kuanzia miaka ya 1970, Shirika la NAFCO, likisaidiwa na Canada, lilianzisha mashamba makubwa ya ngano huko Basotu katika malisho ya Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 1984, na Mahakama ya Rufani ikaupindua uamuzi huo mwaka 1985. Mashamba yale yalikuwa ya umma, chini ya siasa yetu wenyewe, na fedha zilikuwepo kwa wingi: matrekta, wataalamu, vipuri. Mkulima mdogo na mfugaji wa eneo lile hawakukopeshwa kitu. Azimio la Arusha lilikwisha kutuonya mwaka 1967 kwamba mikopo inayokopwa kwa jina la taifa hutumika mahali pengine na hulipwa kwa jasho la mkulima. Tuliandika onyo hilo, kisha tukalipuuza.

Kujikosoa huko kuendelee kidogo. Benki ya Maendeleo Vijijini iliundwa mwaka 1971, na mwaka 1984 ikawa Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini, yaani CRDB. Kati ya miaka hiyo, mwaka 1976, tulivunja vyama vya ushirika, kisha sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Kijiji kizima kilifanywa mkopaji, mbolea ikashushwa kwa malori, na mwanakijiji hakujua deni ni lake au la Serikali. Deni lisilo na mwenyewe halilipwi. CRDB ilibinafsishwa mwaka 1996. Ilani yetu ya mwaka 2015 nayo iliahidi shilingi milioni 50 kwa kila kijiji. Haikutekelezwa kama ilivyotamkwa majukwaani, na wanachama wa matawini ndio walioulizwa maswali. Huwezi kumkosoa Bwana de Soto kwa kuahidi mtaji wa karatasi huku wewe umeahidi mtaji wa jukwaani.

Baada ya yote hayo, nani humkopesha mtu wa kijijini? Kwa sehemu kubwa hukopeshana wenyewe. Vikoba, ambavyo asili yake ni vikundi vya akina mama wa Niger vilivyoanza mwaka 1991, vimeenea nchini kote, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua kuwa daraja la nne. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Hisa hununuliwa kila kikao mbele ya macho ya wote, na mwanachama huweza kukopa hadi mara tatu ya hisa zake. Dhamana ni kujuana. Kwa mkulima huu ni ujamaa unaoshikika mkononi kuliko hotuba nyingi.

Lakini tusivisifu kupita kiasi. Tuseme kikundi cha watu 30, kila mmoja anaweka shilingi 10,000 kwa wiki. Baada ya wiki 30 kila mmoja ana 300,000, na sanduku lina milioni 9. Kwa kanuni ya mara tatu, kila mmoja ana haki ya kukopa 900,000. Ikiwa wote ni wakulima, wote watataka fedha msimu wa kupanda unapofika, siku zile zile. Maombi yatakuwa milioni 27. Theluthi mbili ya haki zao haipo sandukuni. Fedha ya maskini inazunguka miongoni mwa maskini wenye kalenda moja ya mvua, na hakuna nidhamu itakayoiongeza. Anayekosa hapo ndiye anayeangukia kwa wakopeshaji wa "kausha damu", ambao hawaulizi hati wala kikao. Huchukua kadi ya benki, godoro au pikipiki.

Chombo cha dola kipo: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyotiwa katika sheria mwaka 2018, minne kwa wanawake, minne kwa vijana, miwili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Fedha hii inatoka nje ya sanduku, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Mwaka 2023 ilisimamishwa baada ya ukaguzi kufichua vikundi hewa na marejesho duni, ikarejeshwa mwaka 2024. Vikundi hewa havikuundwa na wakulima peke yao. Hakuna kikundi hewa kinacholipwa bila saini ya mtumishi. Jambo hili lijadiliwe katika vikao vya Chama vya kata kwa majina na takwimu, orodha ya waliokopeshwa ikiwa imebandikwa ukutani.

Dhamana ya pili ambayo kitabu hakikuipa uzito ni zao lenyewe. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005 inamruhusu mkulima kuweka mahindi ghalani, kupata stakabadhi, na kukopea stakabadhi hiyo akisubiri bei ipande. Akishindwa kulipa, linauzwa gunia, shamba linabaki. Tofauti hiyo, ya kuweka rehani mavuno ya mwaka mmoja badala ya ardhi ya watoto, ndiyo tofauti ya kitabaka ambayo waliotafsiri nadharia ya "mtaji mfu" hawakuigusa. Stakabadhi ina ila zake. Malipo yakichelewa, mkulima huuza kwa mchuuzi usiku. Tena inahitaji ghala la karibu na ushirika usioiba, vitu viwili ambavyo haviji kwa kutunga sheria.

Na bado kuna mama wa vitunguu. Yeye hana shamba kwa jina lake, ingawa sheria ya mwaka 1999 inampa haki sawa. Hana zao la kuweka ghalani, maana bado hajalinunua. Na vitunguu swaumu havisubiri kama mahindi. Wenzake kikobani wanamjua kuwa mlipaji mzuri, na daftari la kikundi linaonyesha kila hisa aliyoweka na kila mkopo aliorejesha. Hakuna benki inayolazimika kulisoma daftari hilo. Tungependa kuona mjadala wa kurasa hizi ukianzia kwenye daftari hilo: liwe na nguvu gani mbele ya halmashauri na mbele ya benki, na nani alithibitishe bila kuligeuza kuwa mzigo mwingine wa mihuri.