Chumvi Hailali

Mwaka 1893 mkonge uliletwa katika pwani ya Tanganyika, na mwaka huohuo ujenzi wa reli ya Usambara ulianza kutoka Tanga. Tangu hapo bandari ya Tanga imekuwa mlango wa bahari wa mashamba na viwanda vya kaskazini. Ila mlango huo ulikuwa na kizingiti. Maji ya gatini yalikuwa haba, meli kubwa haikuweza kusogea. Ilitia nanga mbali ndani ya ghuba, mzigo ukashushwa kwenye matishali, matishali yakavutwa hadi gatini, na pale mzigo ukapakuliwa mara ya pili. Vizazi kadhaa vya makuli, manahodha na mafundi walifanya kazi hivyo.

Mradi wa miaka ya karibuni, uliogharimu shilingi bilioni 429.1, umebadilisha hali hiyo. Kina kimechimbwa hadi mita 13, na magati yenye urefu wa mita 450 sasa yanapokea meli moja kwa moja. Waliojenga wamesifiwa, na wanastahili. Mimi nawasifu wengine: mafundi wa matunzo, ambao katika kila bandari ndogo ya pwani huliwezesha gati kuukuu kubeba mzigo wa leo. Kazi yao ni ufundi kamili, wenye elimu yake na ugumu wake, na hautofautiani kwa hadhi na ufundi wa kujenga.

Adui yao anajulikana. Chuma kilichozama moja kwa moja huliwa taratibu, maana chini kule hewa ni kidogo. Kilicho juu, mbali na mawimbi, nacho kina nafuu. Balaa lipo katikati, pale maji yanapopiga na kuacha, yanapojaa na kupwa: chumvi ipo, unyevu upo, hewa ipo. Ndani ya zege mambo ni yaleyale, ila kwa siri. Saruji nzuri huivika nondo utando mwembamba unaoikinga na kutu. Chumvi hupenya katika vitundu vya zege mwaka baada ya mwaka mpaka inaufikia utando huo na kuuvunja. Nondo ikishika kutu huvimba, kwa kuwa kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Zege husukumwa kutoka ndani, hupasuka, kisha hubanduka.

Wahenga walituusia tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Gatini, ufa ukishaonekana ujue kutu imeshakaa ndani muda mrefu. Fundi inampasa aujue ufa kabla haujatokeza, na vyombo vyake vya kwanza ni nyundo ndogo na masikio mawili.

Husubiri bamvua, siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yanapokupwa mbali kuliko siku nyingine. Hapo huingia chini ya gati, akijua kwamba maji yatarudi na hayatamngoja. Hugonga boriti shubiri kwa shubiri. Zege zima hujibu kwa mlio mkavu, mkali. Zege lililoachana na nondo yake hujibu kwa mlio mzito, wenye uwazi ndani, hata kama uso wake hauna alama yoyote. Fundi huugonga ubovu kote kote, akauzungushia mstari wa chaki. Kijana anayejifunza kazi hugonga palepale akasema, "Mzee, mbona mimi nasikia pazima?" Mzee hamjibu. Humrudisha nyuma shubiri moja agonge pale, kisha arudi agonge hapa, na tena, mpaka sikio lenyewe litoe hukumu.

Baada ya hapo huja kazi ambayo pupa huiharibu. Mtu wa haraka atabandua zege lililolegea, asiribe juu, apake rangi, aondoke. Fundi wa kweli huchimba mpaka nyuma ya nondo, kwa sababu kutu iko pande zote. Huikwangua nondo hadi chuma king'ae, huiosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ndipo anapojaza. Na bado hajamaliza. Kiraka kipya kisicho na chumvi kikikaa katikati ya zege kuukuu lililojaa chumvi, nondo iliyo pembezoni mwa kiraka huweza kuanza kuliwa kwa kasi kuliko mwanzo, maana sehemu zile mbili hujengeana mkondo wa umeme. Kiraka kinabaki kizuri, jirani yake anakufa. Ndiyo maana fundi mwenye ujuzi hukagua mipaka ya kazi yake mwenyewe miaka inayofuata, wala haoni kwamba kufanya hivyo kunaishushia kazi ile thamani.

Umeme huohuo unaoharibu, mafundi wameugeuza mlinzi. Kwenye nguzo za chuma na matumbo ya matishali hufungwa vipande vya zinki. Zinki huliwa kwa urahisi kuliko chuma, basi bahari huanza nayo na chuma kikapona. Mgeni akiona zinki imemomonyoka atadhani kuna hasara. Fundi akiiona imemomonyoka huridhika, akapanga kuibadilisha. Kinachomtia wasiwasi ni zinki iliyobaki nzima baada ya miaka kadhaa majini, kwa sababu hiyo ni dalili kwamba imepoteza mgusano na chuma na kwamba nguzo sasa inaliwa yenyewe.

Akili ya namna hiyo utaikuta kila kona ya bandari. Boya likiinuliwa, mnyororo wake haupimwi popote tu. Hupimwa hasa pale ulipokuwa ukigusa sakafu ya bahari, ukiinuka na kuanguka kwa kila wimbi, maana hapo ndipo pete husagika zaidi. Kamba ya chuma ya winchi huonekana nzima ikiwa imepakwa grisi vizuri, kumbe nyuzi za ndani zimeanza kukatika. Kwa hiyo hupanguswa, hupimwa unene, na nyuzi zilizokatika huhesabiwa, kabla haijaaminiwa mzigo unaoning'inia juu ya vichwa vya watu.

Watu wa pwani walikuwa na maadili haya kabla ya winchi ya kwanza kufika. Jahazi lilipandishwa ufukweni wakati wa bamvua, likakwanguliwa, likakalafatiwa kwa pamba iliyolowa mafuta, likapakwa deheni ya shahamu na chokaa, likapakwa mafuta ya sifa. Hakuna nahodha aliyeona aibu kwamba chombo chake kinahitaji hayo. Matunzo yalikuwa sehemu ya safari, yaliyotengewa siku zake, fedha zake na watu wake.

Hapo ndipo tulipopotoka. Fedha za kujenga kipya hupatikana kwa shangwe. Fedha za grisi, zinki na brashi za chuma huombwa kwa unyenyekevu na hukatwa kwanza. Fundi hustaafu na masikio yake, bila daftari linaloonyesha boriti ipi ilitoa mlio gani na mwaka upi, na bila kijana aliyegonga naye kwa muda wa kutosha. Tunapoteza elimu ambayo haimo kwenye michoro, kwa kuwa michoro huonyesha gati siku lilipozaliwa tu. Mambo yaliyolipata tangu hapo yamo kichwani mwa mtu aliyekuwa akiingia chini yake kila bamvua.

Magati mapya ya Tanga yalianza kuzeeka siku yalipoguswa na maji ya chumvi, na hilo si kosa la waliojenga. Basi matunzo yawe na fungu lake lisiloguswa, ukaguzi uandikwe na uhifadhiwe, na kila fundi mkongwe awe na mwanagenzi pembeni yake miaka kadhaa kabla ya kustaafu. Aliyejenga mita 450 amepewa sifa yake. Atakayezifanya mita hizo zipokee meli baada ya miaka 50 anastahili sifa hiyohiyo, na anastahili kupewa akiwa bado kazini.