Namba 0.43 na fizi za Ngamiani

Kama una mgonjwa wa kisukari nyumbani, huenda umeshasikia kwamba kutibu fizi kunashusha sukari. Chanzo kikubwa cha kauli hiyo ni mapitio ya Cochrane ya 2022, yaliyokusanya majaribio 35. Hebu tuyapime.

Uzuri wake kwanza. Toleo la 2015 lilisitasita kwa sababu ushahidi ulikuwa dhaifu. Hili la 2022 halizunguki: waliosafishwa meno hadi chini ya fizi, ugaga ukatolewa, baada ya miezi 3 hadi 4 HbA1c yao (wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3) ilikuwa chini kwa asilimia 0.43 kuliko wasiotibiwa au waliopata huduma ya kawaida. Yaani mtu wa 8.5 anakaribia 8. Si muujiza, lakini si haba. Na inaeleweka: uvimbe wa fizi unaingia hadi kwenye damu na kuidhoofisha kazi ya insulini. Sukari nayo ikipanda, kinga inalegea, fizi zinazidi kuharibika. Ugonjwa mmoja unaubeba mwingine.

Sasa kasoro. Matokeo ya mwaka mzima, 0.50, yamesimama juu ya jaribio moja la watu 264, lililofanyika London, ambako wagonjwa walifuatiliwa kliniki muda wote huo. Mwambie mama wa barabara za namba pale Ngamiani "kasafishe fizi", atakuuliza: mara ngapi, na kwa hela ipi? Namba hailijibu hilo.

Halafu kuna hili: 0.43 imetokana na kusafisha. Kwetu wengi humwona daktari wa meno jino likishauma, na safari inaishia kwenye kung'oa. Wengine hata hapo hawafiki, kwa kuwa waliambiwa mwenye sukari hang'olewi jino. Si kweli, sukari ikiwa imedhibitiwa, anang'olewa. Anayengoja usaha ndiye anayejiweka hatarini.

Kwa hiyo usiibebe namba hiyo kama dawa mbadala. Vidonge na insulini viko palepale. Ichukue kama hoja. Siku ya kliniki ya kisukari, miguu ikikaguliwa na macho yakipimwa, uliza: "Na fizi zangu, dokta?" Ukipiga mswaki ukaona damu, usisubiri maumivu. Fizi mara nyingi huharibika kimyakimya.