Damu ya Mtoto na Shaka ya Kadhi

Tarehe 31 Oktoba 2011, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ilirejesha hatia ya bibi mmoja wa California aliyedaiwa kumtikisa mjukuu wake wa wiki saba hadi akafa. Mahakama ya rufaa ilikuwa imeitengua kwa udhaifu wa ushahidi. Majaji wale walikiri kwamba kuishuku hatia yake kunaeleweka, lakini wakasema kupima ushahidi si kazi yao.

Nusu ya hoja yao tunaikubali. Mafuqahaa wetu nao wamesema ijtihadi haitenguliwi na ijtihadi mfano wake. Lakini hapa madaktari walihitilafiana juu ya sababu ya kifo chenyewe. Hiyo ni shubha katika asili ya jambo, na shubha huzuia adhabu.

Je, damu ya mtoto ipotee bure? Hasha. Abdullah bin Sahl (r.a.) alikutwa ameuawa Khaybar. Jamaa zake walikataa kuapia wasichokishuhudia. Mtume (s.a.w.) hakumuadhibu mtu kwa dhana, wala hakuiacha damu ile, alitoa diya ya ngamia 100. Huko kuuawa kulikuwa na yakini, seuze pale ambapo kuuawa kwenyewe kuna shaka!

Mwaka 2012 gavana alimpunguzia bibi yule kifungo, asirudi gerezani. Hatia ikabaki. Huruma ya mtawala haishiki nafasi ya uadilifu wa kadhi.

Wallahu a'lam.