Mafundi wa Sindelfingen

Ukikanyaga mafuta kwa kiasi, Mercedes-Benz 540K hukwenda kwa utulivu wa gari la kifahari lolote, na injini yake ya lita 5.4, silinda 8 katika mstari mmoja, hutoa nguvu za farasi 115. Ukiikandamiza pedali mpaka chini kabisa, klachi ya kompresa hushika. Kompresa huanza kuzunguka na kusindilia hewa kuelekea kwenye kabureta. Nguvu zinafika 180, na mlio mkali unapasua barabara. Dereva hakutakiwa kuitumia kwa muda mrefu. Ilikuwa akiba, ya kupanda mlima au kumpita mwenzake, na mimi naiheshimu injini inayojua kujizuia.

Hata hivyo, kinachonishika zaidi ni bodi.

Gari hili lilitambulishwa Paris mwaka 1936. Bodi nyingi zilijengwa Sindelfingen, karibu na Stuttgart, katika idara ya magari maalumu iliyoongozwa na Hermann Ahrens. Kiunzi kilikuwa cha mbao, na juu yake bati lililofinyangwa kwa nyundo. Yatazame madigadi ya mbele ya bodi yake ya aina ya Spezial-Roadster: yanapanda juu ya gurudumu, kisha yanateremka taratibu kuelekea nyuma, wala jicho halipati pa kukwama. Chuma hakikubali umbo hilo kwa hiari. Kila pigo hulitanua bati, na likitanuka kupita kiasi huvimba, ikabidi fundi alirudishe kidogo kidogo, akilipapasa kwa kiganja, maana mkono hugundua bonde ambalo macho hayalioni. Gari zima lilizidi tani 2, lakini ukilitazama ubavuni hudhani lina uzito huo.

Wakubwa wa utawala wa Nazi waliyapenda magari haya. Hermann Göring alikuwa nalo moja. Doa hilo halifutiki, na asiyelitaja anadanganya. Ila heshima ninayoitoa hapa ni ya wale waliosimama mbele ya bati na nyundo mkononi, ambao majina yao hayakuandikwa kwenye nembo yoyote.

Yalitengenezwa magari 419 tu kabla vita havijaikatisha kazi hiyo. Mbao za kiunzi zikioza, bati zuri peke yake halisaidii: anayelifufua gari hili leo hulazimika kumtafuta seremala kwanza, ndipo amwite fundi wa bodi.