Kipya Kinyemi: Saa 200 za Hedifoni Mpya

Usiku wa kwanza nilizima feni. Sennheiser HD 800 S ni hedifoni za nyuma wazi: upande wa nje wa kila kikombe una wavu, hivyo muziki unatoka na kelele za chumba zinaingia. Katika Dar es Salaam ya mwezi wa pili, mtu anachagua kati ya kusikia na kupoa. Nikachagua kusikia. Nilikaa kitandani, dirisha limefungwa, jasho linanitiririka mgongoni, nikaweka rekodi ya Culture Musical Club ambayo nimekuwa nayo tangu siku za chuo.

Kilichonijia kwanza kilikuwa nafasi. Kanuni ilikaa mahali pake, mbali kidogo na uso wangu, na kila uzi uliodonolewa ulikuwa na mwanzo na mwisho. Fidla hazikuwa tena lundo moja. Kabla ya kuimba, mwimbaji alivuta pumzi, na katika miaka yote ya kuusikiliza wimbo ule sikujua kwamba pale pana pumzi. Kisha akaanza kuimba, na furaha yangu ikapungua. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Kila "s" ilinichoma kama ncha ya sindano. Besi ilikuwepo, lakini kama mgeni aliyekaa karibu na mlango. Nikahamia kwa Mbaraka Mwinshehe, rekodi ya zamani ya mono: gita likawa safi kuliko nilivyowahi kulisikia, na mvumo wa kanda nao ukawa safi kuliko nilivyowahi kuusikia. Saa moja ilipotimia nilizivua na kuandika daftarini: "Zinaonyesha kila kitu. Sina hakika kama nazipenda."

Hedifoni hizi zilipotoka mwaka 2016 ziliuzwa kwa takriban dola 1,700 za Marekani. Kwa mtu anayeishi kwa kutafsiri nyaraka za watu wengine, hiyo si bei ya kukosa hakika. Nikamwandikia muuzaji. Jibu lake lilikuwa fupi na la upole: nisizihukumu bado. Nizipashe moto kwanza, yaani niziache zipige muziki kwa saa 200, ndipo zitakapofunguka.

Maneno hayo niliyajua. Niliwahi kuyasema mwenyewe kwa mtu mwingine, na yalimgharimu.

Wazo la kupasha chombo cha muziki si geni kwetu. Kabla ya ngoma kuanza, mpigaji huwasha moto wa makuti na kuisogeza ngozi kwenye joto. Ngozi inajikaza, mlio unapanda. Umande wa usiku ukiilegeza, ngoma inarudishwa motoni. Hakuna anayebishana kuhusu jambo hili, kwa sababu kila aliyepo uwanjani anasikia tofauti, hata mtoto aliye nyuma ya ukuta ambaye hajui kama moto umewashwa. Tena inajulikana mapema mlio utabadilika kuelekea wapi.

Hedifoni nazo zina kiwambo. Katika HD 800 S kina umbo la pete, na kipaza sauti chenyewe kina upana wa milimita 56. Wanaoamini upashaji wanasema plastiki mpya ni ngumu, na kwamba saa nyingi za kutikisika huilegeza: besi inashuka zaidi, sauti za juu zinapoa. Si wazo la kijinga. Kwenye spika kubwa za besi jambo hili hupimika. Sehemu inayoshikilia koni hulegea kidogo katika matumizi ya mwanzo, na mafundi huzifanyisha kazi spika kabla ya kuchukua vipimo vyake. Lakini koni ya besi husafiri mbele na nyuma kwa umbali unaoonekana kwa macho. Kiwambo cha hedifoni ni chepesi mno, na safari yake ni fupi mno.

Mhakiki wa Marekani Tyll Hertsens, aliyeandika InnerFidelity, alilichukulia swali hili kwa uzito kuliko wengi wetu. Aliacha AKG Q701 mpya zikipiga sauti kwa muda mrefu huku akizipima. Mabadiliko aliyoyaona yalikuwa madogo sana. Alipojaribiwa bila kuziona aliweza kutofautisha jozi mpya na iliyotumika, na wanaoamini upashaji wana haki ya kulitaja hilo. Ila hizo zilikuwa jozi mbili, na jozi mbili kutoka kiwanda kimoja hazifanani kabisa hata siku ya kwanza. Halafu kuna suala la kichwa. Ukisogeza hedifoni kidogo tu juu ya sikio, vipimo vya sauti za juu huhama, mara nyingi kuliko vinavyohamishwa na saa nyingi za kupasha. Nywele, hereni, mikono ya miwani, mito ya masikio inayobonyea taratibu kwa joto la ngozi: vyote hivi vinabadilisha sauti, na hakuna hata kimoja kinachohusu ukomavu wa kiwambo.

Kisa kinachonishawishi zaidi kimo katika historia ya hedifoni hizi zenyewe. Toleo la kwanza, HD 800, lilitoka mwaka 2009. Likasifiwa kwa upana wa sauti yake, likalaumiwa kwa ukali wake. Vipimo vilionyesha kilele karibu na kilohezi 6, eneo ambalo "s" za waimbaji na visahani vya ngoma vina makali. Wenye nazo waligawanyika. Wapo waliosema subira ndiyo dawa, saa zikitimia ukali utaondoka. Wengine walizifungua wakabandika ndani vipande vya kitambaa na povu kupunguza mlio ule. Toleo la S lilipokuja, Sennheiser walikuwa wameongeza kifyonzaji cha kukituliza kilele kilekile. Saa zilikuwa na takriban miaka saba ya kufanya kazi hiyo. Mwishowe ilifanywa na kipande kilichosanifiwa.

Basi kwa nini watu wengi wenye akili timamu, tena wenye masikio mazuri kuliko yangu, huapa kwamba wamesikia hedifoni zao zikifunguka? Sidhani kama wanadanganya. Nami nilisikia.

Sikufuata ushauri wa muuzaji. Sikuziacha zikipiga usiku na mchana. Niliziweka ndani ya sanduku, nikazitoa saa moja tu kila jioni, na kila jioni nikaandika mistari michache. Jioni ya nne: "S bado kali, lakini leo sikuzihesabu." Jioni ya saba: "Besi ya kutosha?" Jioni ya kumi: "Sauti ya mwimbaji imepata mwili." Hedifoni zilikuwa zimefanya kazi saa kumi. Kwa mwendo huo saa 200 zingenichukua zaidi ya miezi sita, lakini badiliko nililoahidiwa lilikuwa limeshafika.

Ndipo nikachukua hedifoni zangu za zamani, za bei ndogo, nilizozivaa kwa miaka mitano na kuzipenda. Nilishtuka. Zilisikika kama mtu anayeongea huku amejifunika mdomo kwa khanga. Hizi zilikuwa na maelfu ya saa. Kama kuna kiwambo kilichokwisha kupashwa duniani, ni hiki. Hakikuguswa kwa siku kumi, lakini sauti yake ilikuwa imebadilika kuliko ya hedifoni mpya. Kilichopashwa moto jioni zile kilikuwa kichwa changu.

Sayansi ina mfano unaonisaidia hapa. Mwaka 1998 watafiti wa Uholanzi, Hofman na wenzake, walichapisha jaribio ambamo watu waliwekewa vipande vilivyobadilisha umbo la ndani ya sikio la nje. Mwanzoni walipoteza uwezo wa kujua sauti inatoka juu au chini. Baada ya wiki kadhaa za maisha ya kawaida uwezo ule ukarudi: ubongo ulikuwa umejifunza masikio mapya. Vipande vilipotolewa, masikio ya zamani nayo yalifanya kazi mara moja. Hedifoni si masikio bandia, lakini kila jozi inaipeleka sauti sikioni kwa namna yake, na ubongo unaifanyia hesabu upya. Robert Zajonc naye alionyesha mwaka 1968 kwamba kukutana na kitu mara kwa mara kunatosha kutufanya tukipende zaidi. Tena mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive walionyesha kwamba spika zilezile hupewa alama tofauti msikilizaji anapoziona na zinapofichwa nyuma ya pazia. Wahenga walilimaliza hili bila pazia: ukipenda chongo, huita kengeza. Na ukilipa dola 1,700, chongo halionekani kabisa.

Mtu anaweza kuuliza, kuna ubaya gani basi? Kama mwisho wa yote msikilizaji anafurahi, yatuhusu nini kilichobadilika ni plastiki au ubongo?

Ubaya niliufanya mimi. Miaka mitatu iliyopita rafiki yangu, kijana anayehariri sauti za mahojiano na video za harusi, alinunua hedifoni za kampuni ambayo sitaitaja. Alizinunua kwa sababu mimi nilizisifu kwa maandishi. Siku ya pili akanipigia: "Kaka, hizi zinaniumiza. Nikifanya kazi nusu saa tu kichwa kinagonga." Nikamjibu kwa utulivu wa mjuzi kwamba bado mbichi, azipashe, asiwe na haraka. Alikuwa na siku 14 za kuzirudisha. Nilizila siku hizo zote kwa ushauri wangu. Siku ya 20 akapiga tena: "Mbona hazifunguki?" Mwishowe aliziuza kwa nusu ya bei. Hakunilaumu. Alidhani masikio yake ndiyo yenye kasoro, na kwangu hilo ni zito kuliko fedha.

Saa 200 bila kupumzika ni siku 8 na saa 8. Kwa mwenye kazi na familia ni wiki nyingi, na muda wa kurudisha bidhaa unakwisha kabla hazijatimia. Sisemi kila muuzaji anapiga hesabu hiyo. Nasema hesabu inaangukia upande mmoja. Na angalia pia mwelekeo wa hadithi zenyewe: hedifoni "hufunguka", "hulainika", "hutulia". Plastiki inayolegea haina habari na ladha yetu. Ingetarajiwa kwamba baadhi ya hedifoni ziharibike baada ya saa 200, nzito zizidi kuwa nzito, tulivu ziwe butu. Sikumbuki kusoma mhakiki akilalamika kwamba zake zilikuwa nzuri mpaka zikapashwa. Badiliko ambalo daima huelekea kwenye kuridhika linatoka kwa mtu aliyelipa.

Kwa hiyo sasa naandika uhakiki kwa namna nyingine. Neno la kwanza linabaki kwenye ukurasa, pamoja na saa zilizotumika na hali ya chumba. Ni ushahidi wa kile atakachokutana nacho mtu mwingine siku yake ya kwanza. Neno la pili, la baada ya mazoea, nalo linaandikwa, ila halifuti la kwanza. Likitofautiana nalo, kwanza najiuliza ni nini kilichobadilika kwangu.

Hukumu yangu ya HD 800 S basi ni hii. Kwa rekodi iliyofanywa vizuri sijasikia hedifoni inayopanga wapigaji chumbani kama hizi. Ni nyepesi kwa ukubwa wake, gramu 330 bila waya, na jioni nzima shingo hailalamiki. Ukinzani wake wa omu 300 unazitaka zipate amplifaya. Simu peke yake haizitoshi. Lakini sehemu kubwa ya hazina yetu ya muziki haikurekodiwa kwa ajili ya hukumu kali namna hii. Nilipoweka sauti ya Siti binti Saad kutoka santuri zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928, mikwaruzo ilikaa mbele na Siti akasukumwa nyuma. Hedifoni zangu za khanga mdomoni zilifanya kinyume: zilificha mikwaruzo, zikamleta mwimbaji. Jioni ya 40 bado ni hivyo, na sitarajii jioni ya 200 ilete jingine.

Nimeamua kubaki nazo. Huenda ni mazoea yanayoniamulia, nami nimeliandika hilo pia.

Wiki iliyopita rafiki yangu alikuja nyumbani. Nilizima feni, nikamvisha, nikanyamaza. Hakujua bei, na sikumwambia nizipendavyo. Baada ya dakika tatu alizivua, akasugua sikio la kulia. "Kaka, nzuri, lakini zinachoma." Nilichukua daftari nikaandika maneno yake kama alivyoyasema, chini ya yale ya usiku wangu wa kwanza. Kisha nikawasha feni.