Alama Mbili Ndani ya Mfupa

Nyama ilikuwa ya nguruwe, na haikuwa na dosari yoyote. Mifupa yake ndiyo iliyokuwa myekundu. Mgeni aliyeiona mezani, daktari mpasuaji John Belchier wa London, alimwuliza mwenyeji wake sababu. Mwenyeji alikuwa mpiga chapa wa vitambaa vya pamba, na jibu lilitoka kiwandani kwake: vitambaa vilivyopakwa rangi ya mizizi ya mmea wa rubia vilichemshwa pamoja na pumba ili kuondoa rangi iliyozidi, kisha pumba hizo wakapewa nguruwe. Belchier hakuishia kwenye mshangao. Alichanganya mizizi hiyo na chakula cha jogoo, na mifupa ya jogoo nayo ikawa myekundu. Mwaka 1736 taarifa yake ikachapishwa katika jarida la Royal Society.

Naona somo zima la mifupa lingefaa kuanzia kwenye sahani ile. Madarasani mwetu mfupa huingia ukiwa mkavu, umening'inizwa kwa waya, na mwanafunzi huanza kukariri majina mpaka afike 206. Akitoka hapo anaamini kwamba mfupa ni mti mkavu uliochomekwa ndani ya nyama. Kumbe wanasayansi walijua kuwa mfupa hukua, huliwa na kujengwa upya kabla ya kuzifahamu seli zinazofanya kazi hiyo. Walijua kwa mbinu moja tu: weka alama, subiri, kisha tazama alama imekwenda wapi. Mbinu hiyo ndiyo ninayotaka kuichambua hapa.

Kwa nini mfupa, na si nyama?

Tishu ni kundi la seli zinazoshirikiana katika kazi fulani, pamoja na vitu vinavyozizunguka. Mwili una aina kuu nne: tishu za kufunika, kama tabaka la juu la ngozi na utando wa ndani ya utumbo; tishu za misuli; tishu za neva; na tishu unganishi. Mfupa umo katika kundi hili la mwisho, pamoja na mafuta, kano, gegedu, na hata damu.

Tishu unganishi hutambulika kwa jambo moja: kwa kawaida seli zake zimetawanyika ndani ya kitu kinachozizunguka, na tabia ya tishu hutegemea zaidi kitu hicho kuliko seli zenyewe. Katika damu ni majimaji. Katika kano ni nyuzi zilizobanana. Katika gegedu, lile unalolishika kwenye sikio, ni kitu kigumu kiasi lakini kinachopindika. Katika mfupa ni nyuzi za kolajeni zilizojazwa madini ya kalsiamu na fosfati.

Aliyewahi kuona nyumba ya udongo ikijengwa ataelewa haraka. Kwanza hufungwa fito, kisha ndipo udongo hukandikwa. Kolajeni ndiyo fito, madini ndiyo udongo, na madini hayo huchukua kama theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu. Mwalimu anaweza kuonyesha hili bila maabara. Loweka mfupa wa kuku ndani ya siki kwa siku kadhaa na siki itayayusha madini. Zitabaki fito, nawe utaukunja mfupa kwa vidole. Mfupa mwingine ukichomwa kwenye makaa mpaka uwe mweupe, fito zitaungua na udongo utabaki; ukiubana, utavunjika.

Ujenzi wa mfupa hufuata mpangilio huohuo. Seli jenzi, ziitwazo osteoblasti, hutandika kwanza kolajeni laini, na madini huanza kuingia siku kama kumi baadaye. Kemikali ya rangi ya rubia, alizarini, hushikana na kalsiamu, hasa pale inapowekwa upya. Ilitoka tumboni, ikasafiri kwa damu, ikafika kila mahali, lakini ilinasa tu palipokuwa na udongo mbichi. Ndiyo maana nyama haikubadilika, kano haikubadilika, na gegedu laini halikubadilika. Pia rangi ilithibitisha jambo ambalo mfupa mkavu hauwezi kulisema: damu hupita ndani ya mfupa.

Matundu mawili ya Stephen Hales

Mbinu yenyewe ilikuwa imeanza miaka michache kabla ya nguruwe wale. Katika kitabu chake cha mwaka 1727, Stephen Hales, kasisi Mwingereza aliyechunguza ukuaji wa mimea, alieleza jinsi alivyotoboa matundu mawili katika mfupa wa mguu wa kifaranga aliyekuwa bado anakua, matundu yaliyoachana nusu inchi. Baada ya miezi miwili mfupa ulikuwa umerefuka kwa inchi nzima. Matundu yalikuwa bado yameachana nusu inchi.

Jaribio hili lina nguvu kwa sababu linajibu swali ambalo jicho peke yake hulikosea. Mtu akiona mguu wa mtoto umerefuka, hudhani umevutika wote kama unga uliokandwa. Ingekuwa hivyo, matundu yangeachana zaidi. Hayakuachana. Basi urefu uliongezwa kwingine, yaani kwenye ncha.

Sababu yake inatoka kwenye tishu. Gegedu ni laini, kwa hiyo seli zilizomo ndani yake zinaweza kugawanyika na kusukumana, nalo likakua kutokea ndani. Mfupa hauna nafasi hiyo. Seli iliyokwisha kuzungukwa na madini imefungiwa chumbani mwake; hupata chakula kupitia vijia vyembamba, lakini haiwezi kusukuma ukuta. Kwa hiyo mfupa wa mtoto hutunza bamba la gegedu karibu na ncha zake. Gegedu hilo hukua, upande mmoja wake hugeuzwa kuwa mfupa, na mguu hurefuka. Ujana ukiisha, bamba lote huwa limegeuka mfupa, na kimo husimama.

Pete iliyozama

Mfaransa Henri-Louis Duhamel du Monceau alisoma habari za Belchier akaendeleza kazi. Aliwalisha wanyama rubia kwa muda, akaacha, kisha akaanza tena. Alipokata mifupa yao alikuta miduara: mwekundu, mweupe, mwekundu. Kwa mtu aliyeijua miti kama yeye, ilikuwa kama kutazama shina lililokatwa, na alisema kweli kwamba mfupa hunenepa kwa tabaka linaloongezwa nje.

Halafu akaufunga mfupa wa njiwa mchanga kwa pete ya waya wa fedha. Ndege alipokua, pete haikuonekana tena juu ya mfupa. Ilikuwa ndani, kwenye nafasi ya uboho.

Hapa ndipo mchambuzi anapaswa kutulia. Duhamel alieleza kwamba mfupa ulitanuka, ukakatwa na pete, kisha ukajiunga upya kwa nje. Lakini maelezo mengine yanatosha bila mfupa kukatwa hata kidogo: tabaka jipya liliongezwa nje likaifunika pete, huku mfupa wa zamani ukiondolewa kwa ndani mpaka pete ikabaki kwenye uwazi. Mpasuaji John Hunter wa London alifuata njia hii ya pili. Alirudia majaribio ya rubia, akapachika pia vipande vya risasi kwenye mfupa wa mguu wa nguruwe mchanga na kukuta umbali kati yake haukubadilika. Akahitimisha kwamba mfupa hupata umbo lake kwa kazi mbili zinazokwenda pamoja: kuongeza na kuondoa.

Hunter alifariki mwaka 1793 akiwa ameiona kazi bila kumwona mfanyakazi. Mwaka 1873 Albert Kölliker aliipa jina seli inayokula mfupa, osteoklasti, seli kubwa yenye viini vingi. Leo tunajua kuwa osteoklasti na osteoblasti hufuatana maisha yote. Ya kwanza huchimba kwa wiki chache, ya pili hufukia kwa miezi kadhaa. Kwa mtu mzima, takriban asilimia 10 ya mifupa hufanywa upya kila mwaka.

Alama ya pili

Alama moja hukuambia mahali. Ukitaka mwendo, unahitaji alama mbili na siku zilizopita kati yake. Mwaka 1957 watafiti Wamarekani waliripoti kwamba dawa ya tetrasaiklini hunasa kwenye mfupa unaowekewa madini, kisha hung'aa njano chini ya mwanga wa urujuanimno. Ilikuwa rubia mpya, na hii ilikuwa dawa ambayo binadamu walikuwa tayari wanaimeza.

Harold Frost wa Detroit aliigeuza kuwa kipimo. Mgonjwa humeza dawa siku chache, hupumzika wiki mbili hivi, kisha humeza tena. Baadaye kipande kidogo huchukuliwa kwenye mfupa wa nyonga. Kawaida maabara hulainisha mfupa kwa asidi ili ukatike, lakini hapa asidi ingeondoa madini pamoja na alama. Kwa hiyo kipande hugandishwa ndani ya plastiki na kukatwa kikiwa kigumu vilevile. Kwenye hadubini huonekana mistari miwili. Ikiwa imeachana mikromita 9 na siku zilizopita ni 15, mfupa ulisonga mikromita 0.6 kwa siku, chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita.

Kwa mgonjwa aliyekosa vitamini D kwa muda mrefu, mistari hiyo hufifia au hukosa kuachana. Fito zimefungwa, udongo haufiki. Kwa watoto hali hiyo ndiyo huleta matege. Kwa watu wazima huleta maumivu ya mifupa ambayo ni rahisi kuyaita uchovu.

Alama hizo zimekutwa hata pale ambapo hakuna daktari aliyeziweka. Mwaka 1980 watafiti waliripoti mng'ao wa tetrasaiklini katika mifupa ya Wanubi waliozikwa kando ya Nile, Sudan, kati ya mwaka 350 na 550. Bakteria wanaotengeneza dawa hiyo huishi udongoni, na maelezo yanayokubalika ni kwamba waliingia kwenye nafaka ya pombe. Walichokunywa watu wale bado kimeandikwa mifupani mwao.

Mfupa hufuta, jino halifuti

Mtoto akipewa tetrasaiklini meno yake yakiwa bado yanajengwa, doa hubaki ukubwani. Ndiyo sababu dawa hiyo huepukwa kwa wajawazito na watoto wadogo. Gamba gumu la nje la jino halina seli hai, wala chini yake hapafanyiki ukarabati kama wa mfupa. Mfupa una seli zinazochimba na kufukia, kwa hiyo alama yake huweza kuondolewa kadiri miaka inavyopita.

Ninakumbuka hayo kila nisikiapo mtoto ameanguka mwembeni, mkono ukavimba karibu na kiwiko au kifundo, na wakubwa wakasema mifupa ya watoto hujiunga yenyewe. Kujiunga, hujiunga, na kwa kasi ya kushangaza. Lakini mahali palipovimba ni jirani na bamba la gegedu, na bamba likiumia vibaya mkono unaweza kukua kombo au kubaki mfupi kuliko mwenzake. Mtoto huyo apelekwe akapigwe picha ya eksirei siku hiyohiyo. Urefu wa mkono wake bado haujatengenezwa, na utatengenezwa palepale penye ncha, kama yale matundu mawili ya kifaranga yalivyoonyesha.